Mchora Hina na Karatasi ya Ujapani

"Kwani huyu mchoraji aliishiwa na wino?"

Sultani aliuliza mbele ya baraza zima. Mgeni aliyeleta picha kutoka Ujapani alikuwa ameshaondoka.

Ngano, ngano!
Ifungulieni, ipite!

Hapo kale palikuwa na mji usiopenda patupu. Milango imechongwa hadi kizingitini. Kuta zina nakshi hadi darini. Bi harusi anapakwa hina hadi viwikoni. Sasa mji kama huo unaletewa karatasi ndefu yenye nini? Mlima upande mmoja, kibanda upande wa pili, kizee na mzigo wake wa kuni. Katikati, peupe! Mnacheka? Wao walikasirika.

Akaitwa Mwanamize, mchora hina.

"Jaza maua hapo," Sultani akasema. "Ijumaa nikikuta peupe, hutagusa tena mkono wa bi harusi katika mji huu."

Na ndiyo kazi iliyomlisha yeye na mama yake. Nauliza mimi, yupo aliyemuuliza anaonaje? Hayupo!

Siku ya kwanza akasimama mbele ya picha. Akaona wino. Akachovya kijiti katika hina, akainua mkono. Mkono ukagoma, hina ikakauka.

Siku ya pili akaketi kitini. Akaona kizee ameinama, kuni zinamwelemea. Akachovya, akainua. Mkono ukagoma, hina ikakauka.

Waziri akapita. "Vipi binti, leo hina imekuganda wewe?"

Siku ya tatu akaiteremsha picha, akaitandika mkekani, akaketi kama anavyoketi na maharusi wake. Akatulia. Jamani! Peupe pakaanza kupumua. Baridi ikampanda vidoleni. Akasikia harufu ya majani yaliyolowa, na chini yake kitu kinavuma, kinavuma, hakikomi. Nywele zikamsimama. Kijiti hakukichovya tena.

Ijumaa ikafika. Sultani huyo, na waziri nyuma.

"Mbona bado peupe?"

"Karibu chini, Maulana."

Waziri akaruka. "Sultani akae mkekani? Una wazimu wewe?"

"Kazi ya hina hutazamwa mkekani, Bwana Waziri. Hata mama yako siku ya harusi yake alikaa chini."

Sultani akacheka, akavua viatu, akaketi. Mwanamize akamwacha atazame, atazame, atazame. Kisha akauliza taratibu:

"Huyu mzee anakwenda wapi?"

"Kwake. Si kibanda kile?"

"Atafikaje?"

"Atavuka mto!" Sultani akaonyesha katikati. "Maji yameshamfika magotini. Lo, baridi hiyo! Na ukungu wote huu, akiteleza nani atamwona? Hebu nyamazeni, msikie yanavyovuma."

Wakatega sikio. Waziri mwenyewe akajifunika joho lake vizuri.

Hapo Mwanamize akachovya kijiti.

"Maulana, mto huo hakuna aliyeuchora. Umeuona wewe. Haya, maua niyaanzie wapi?"

Kijiti kikasimama juu ya peupe. Tone zito la hina likavimba nchani, likarefuka, likaachia. Na Sultani, mwenye mji, mwenye panga ukutani, akapiga kelele kama mtoto:

"Utamzamisha!"

Akalidaka kwa kiganja chake.

Katikati ya karatasi pakabaki peupe. Mwanamize akarudi kwa maharusi wake. Na Sultani alitembea majuma mawili na doa jekundu kiganjani, akimpa mkono kila mtu, wala hakulificha.

Ngano imetua mzigo. Iliyemkolea, awapelekee majirani. Iliyemchosha, aniachie mwenyewe.

Ila nakuomba, wewe uliyenisikiliza: siku ukiwekewa picha usiyoielewa, kaa chini kwanza, utazame.