Unga wa Nyamvula

Karakana ya Bwana Zaid ilikuwa Changamwe, nyuma ya maghala ya makontena, na kazi yake ilikuwa kuunda viti vya mabasi ya shule. Viti hivyo havikuunganishwa kwa moto. Mashine ilizungusha ncha ya chuma kigumu, mbio kama pia, juu ya mabati mawili yaliyolaliana. Joto la msuguano likayalainisha, yakakorogeka na kushikana. Kasoro ilikuwa moja: viungo hivyo vikivutwa kwa nguvu, vilibanduka.

Aliyeitibu kasoro hiyo ni Nyamvula, binti wa Likoni aliyesomea uhandisi. Mahali pa kuungia alitoboa kitundu, akakijaza unga laini mno, ambao chembe zake jicho haliwezi kuziona. Mashine ilipokoroga, unga ulisambaa ndani ya chuma ukakikaza. Lakini hewa ya Mombasa ina unyevu, na unga ule uliunyonya kama chumvi. Kwa hiyo kila asubuhi Nyamvula aliukausha katika joko dogo na kuuchekecha kabla haujatumika. Kiungo chake kilipovutwa, bati ndilo lililochanika; chenyewe hakikutikisika.

"Mashallah!" Bwana Zaid alisema mbele ya mafundi wote. "Mwanangu, pwani nzima hakuna mkono kama wako."

Sifa zikaenea. Wageni walikuja kumpiga picha, na hoteli za Nyali zikamwalika kuhutubia mikutano. Nyamvula akavimba kichwa. Kukausha unga kukawa kero kwake. Akaanza kuifanya kazi hiyo kwa kulipua, kisha akaiacha kabisa.

Absalom, mwendesha mashine aliyetoka bara na kuishi Mikindani, aliufungua mkebe akakuta unga umegandamana.

"Dada Nyamvula, huu haujakaushwa. Si wewe uliyetufundisha kwamba madonge huacha mashimo ndani ya kiungo?"

"Mwenye unga ni nani, mimi au wewe? Mashine itayavunja hayo madonge."

"Basi tupime kimoja tu."

"Viungo vyangu bado ni vya kupimwa?"

Absalom akawasha mashine.

Viti vilipofungwa ndani ya basi la shule moja, dereva Mwidani alilitoa kwenda kulijaribu, Absalom akiwa nyuma. Jumatatu lingebeba watoto. Kwenye mteremko wa Mikindani tuktuk ikakata mbele yao ghafla, Mwidani akakanyaga breki. Kiti cha Absalom kiling'oka sakafuni kikamrusha mbele, akavunjika mkono.

Kiti kile kilirudishwa karakanani. Ndani ya kiungo mlikuwa na vitundu kama mkate wa sinia.

"Labda mabati ndiyo mabovu," Bwana Zaid alisema, akimtazama Nyamvula.

Mlango wa kutorokea ulikuwa wazi. Nyamvula hakuupita.

"Mabati ni mazima, Bwana Zaid. Sikuukausha unga. Absalom alinionya, nikamdharau."

Mzee hakupaza sauti. "Na mimi nilikusifu hadi nikaacha kukukagua," alisema. "Ng'oeni viti vyote."

Vikang'olewa. Wenye shule walipopata habari, walilipeleka basi lao kwa fundi mwingine.

Jioni Nyamvula alimkuta Absalom hospitalini, mkono umefungwa plasta.

"Nisamehe, ndugu yangu."

"Nimekusamehe. Lakini wallahi, dada, nikifumba macho naona mtoto kwenye kile kiti."

Nyamvula alijiinamia akalia, asijali waliokuwa kwenye vitanda vya jirani.

Kazi hakufukuzwa. Bwana Zaid alimrudisha kwenye joko, na akaamuru kisitoke kiti karakanani kabla Absalom, akishapona, hajapima viungo vya siku hiyo. Nyamvula hakubisha. Mikutano ya Nyali aliikataa. Mwanamke aliyegundua namna ya kuimarisha chuma alijua sasa kilichomdhoofisha yeye: hakikuwa ujinga, wala uhaba wa vifaa. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.