Flashi Iliyopewa Zawadi

Kisa chapita!
Kipite hapa tukione.
Kina miguu?
Miguu kinayo, viatu hakina.

Basi palikuwa na bonde, na katika bonde wanyama walikuwa na bwawa moja na kompyuta moja. Kompyuta ndiyo iliyofungua malango ya mifereji, kila mnyama na zamu yake, na aliyeitunza alikuwa Bi Kindi.

Kiangazi kikaja, maji yakaanza kupotea. Leo ni zamu ya Swala, maji yanashuka kwa Kiboko. Kesho ni zamu ya Kobe, maji yanashuka kwa Kiboko. Kiboko alipoulizwa alisema hana habari. Kazi ya maji ni kushuka, na kosa lake yeye ni kuishi chini. Akaongeza kwamba Kindi husinzia ofisini, na mkia wake ndio unaobonyeza vitufe.

Wenzake wakacheka. Kindi hakucheka, maana mwenyekiti wao, Twiga, alimwambia amtaje aliyebadilisha zamu kabla ya mkutano wa Jumamosi. Akishindwa, atarudisha funguo pamoja na kishamba chake cha njugu. Njugu zenyewe zilikwisha kuanza kunyauka.

Kindi akarudi kwenye kompyuta. Alikuwa ameizoesha jambo moja: flashi yoyote ikichomekwa, kompyuta inalia ti-tuu, kisha inaandika namba ya flashi hiyo na saa iliyoingia. Akafungua kumbukumbu. Flashi moja ilikuwa imeingia mara nyingi kuliko zote, kila mara adhuhuri, ofisi imefungwa kwa mapumziko na bonde zima limelala kwa joto. Kila ilipotoka, zamu zilikuwa zimegeuka.

Namba aliipata. Mwenye namba hakumjua, kwa kuwa flashi za bondeni zilinunuliwa duka moja na zote zilikuwa nyeusi. Akiagiza ziletwe zikaguliwe, mwizi ataitupa yake bwawani. Kindi akatafuna kokwa, akafikiri, akatafuna nyingine.

Jumamosi alipanda juu ya meza, akasema yeye bado hajamjua mwizi. Ila kompyuta imemwonyesha kwamba mmoja wao ameitumikia ofisi kwa flashi yake kuliko wote. Akaomba mchapakazi huyo apewe zamu ya ziada, siku hiyohiyo. Twiga akakubali.

Ghafla bonde zima likajaa wachapakazi. Kindi akawaambia kila mmoja achomeke flashi yake, kompyuta iamue.

Swala akachomeka. Ti-tuu. Kompyuta ikaonyesha aliingia mara moja. Akarudi kukaa.

Kobe akachomeka. Ti-tuu. Kompyuta ikasema haimjui kabisa. Akarudi kukaa, polepole.

Kiboko akaja, bum, bum, bum, flashi imening'inia shingoni. Akachomeka. Ti-tuu. Kioo kikajaa maandishi kutoka juu mpaka chini.

"Mmeona?" akasema Kiboko. "Wengine kazi yao mkia tu."

"Hongera, Bwana Kiboko," akasema Kindi. Kisha akaanza kusoma saa. Adhuhuri, ofisi imefungwa. Baada ya hapo maji ya Swala yakashuka. Adhuhuri, ofisi imefungwa; baada ya hapo maji ya Kobe yakashuka. Akaendelea kusoma, na wanyama wakageuka mmoja mmoja kumtazama Kiboko.

Kiboko akakohoa. Akasema flashi hiyo si yake, ameazima.

"Sawa," akasema Kindi. "Basi zamu ya ziada ni ya mwenyewe. Mwenyekiti, tumtafute tumfungulie maji."

Twiga akanyoosha shingo kuangalia nani wa kupewa. Nje, lango la zamu ya ziada lilikuwa limekwisha inuliwa kidogo, na maji yalisikika, chururu, chururu. Kiboko akayasikiliza. Akatazama chini, akatazama lango.

"Ni yangu," akasema.

Lango likashushwa. Tangu siku hiyo Kiboko alichimba mifereji ya wenzake mpaka masika, na zamu yake ikawa ya mwisho. Kindi akamwagilia njugu zake.

Funzo la kisa hiki, watoto, ni kwamba bidii haifai. Kiboko asingejituma kwenda ofisini kila adhuhuri, asingejulikana. Fanyeni kazi kidogo, mchana mlale.

Kisa kimekwisha pita. Aliyekiona akisindikize, aliyesinzia amwulize jirani.