Shukrani za Bi Pelele kwa Meno Yaliyomuuma

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na nyumba zenye komeo na mashamba yenye mipaka, aliishi Bi Pelele katikati ya mawe ya kilimani. Mnamjua pelele? Ndiye pimbi, mdogo, mviringo kama kibuyu, hana hata mkia. Lakini macho yake, watoto, hayapumziki.

Siku moja mchana, jua likiwa utosini, Bi Pelele alikuwa akienda shambani, jembe begani, kwa njia inayopita nyuma ya nyumba ya Mzee Nyati. Majani yakalia chaka, chaka, chaka. Kabla hajageuka, kwap! Mbwa wa Nyati akamdaka mguu wa nyuma, akamtikisa, akamwachia, akatoroka.

Lango la Nyati likafunguka kidogo. Jicho moja kubwa likachungulia. Kisha lango likafungwa polepole, kriii.

Bi Pelele akajikokota mpaka nyumbani. Mvua zilikuwa karibu na shamba lake la mtama halijaguswa. Bila mguu hakuna kulima, bila kulima hakuna mtama, na mle ndani ya mawe walikuwamo wanawe watatu.

Lakini nchi ile ilikuwa na sheria. Mbwa akimuuma mtu, mwenye mbwa humlimia aliyeumwa mpaka kidonda kifunge. Kwa hiyo Bi Pelele akaenda barazani.

Baraza lilikaa kwenye uwanja wa kupuria mtama. Mwamuzi alikuwa Mama Korongo, aliyesikiliza kesi zote akiwa amesimama kwa mguu mmoja.

"Mbwa wangu?" Nyati akasema. "Mbwa wangu alikuwa amefungwa kamba. Tena kamba mpya."

"Mzee, nilimwona," akasema Bi Pelele.

"Ulimwona mbwa, au uliona mkia unakimbia? Mikia iko mingi hapa." Nyati akamtupia jicho Fisi aliyekaa pembeni. "Na wako wenye meno makubwa kuliko mbwa wangu."

Fisi akaacha kutafuna. "Mimi nimekuja kusikiliza tu, jamani."

"Halafu wewe, Pelele, ulikuwa unatafuta nini nyuma ya nyumba yangu? Viazi vyangu vimepungua."

Kila mtu akamtazama Bi Pelele. Kisha wakamtazama Fisi. Kisha wakatazamana, kila mmoja akimpima mwenzake.

"Nani aliona?" akauliza Mama Korongo.

Kila mmoja akatazama miguu yake. Nani angethubutu kumtaja mbwa wa Nyati, Nyati mwenyewe akiwa amekaa pale na pembe zake?

"Bila shahidi siwezi kumtoza mtu," akasema Mama Korongo. "Kesi imesimama. Akipatikana shahidi, tutaendelea."

Bi Pelele akarudi akichechemea. Njiani akawaza. Akalikumbuka lile jicho langoni. Akamkumbuka Nyati kwenye harusi za watu, jinsi anavyokaa mbele bila kukaribishwa, na jinsi anavyokohoa mpaka atajwe jina. Akasimama. Akacheka kidogo, peke yake.

Kesho kutwa yake akarudi barazani, mguu umefungwa majani, uso umekunjuka, mkononi kibuyu cha asali.

"Mama Korongo, leo sikuja kulalamika. Nimekuja kushukuru."

"Kushukuru nini?"

"Mguu huu, mama, ulikuwa na usaha ndani, miaka miwili. Waganga wameushindwa. Sasa yale meno yalitoboa palepale penye ugonjwa. Usaha wote umetoka. Aliyeniuma ni tabibu hasa. Nimemletea asali, na nataka jina lake litangazwe kwa ngoma nchi nzima."

Baraza likanong'ona, shi-shi-shi. Mbwa, aliyekuja na bwana wake, akamsogelea Nyati sikioni.

"Bwana, twende nyumbani. Huyu simwamini."

"Nyamaza wewe," akasema Nyati. Lakini naye alikuwa akinusa hewa. "Pelele. Na ile kesi ya mbwa wangu?"

"Si ilikosa shahidi, Mzee? Nilisema ni mbwa wako, ukasema siye. Leo namtafuta tabibu wangu."

Kabla Nyati hajajibu, Fisi akaruka katikati.

"Ni mimi. Nilikuwa naona aibu kusema. Nilimwona anapita, nikasema moyoni, maskini, pale kwenye mguu pana usaha. Nikalenga."

"Wewe?" Nyati akauliza. "Ulilenga?"

"Nililenga, Mzee. Ni kipaji tu. Hata marehemu babu alikuwa nacho."

"Basi asante, Bwana Fisi," akasema Bi Pelele, akaanza kumnyooshea kibuyu, polepole, polepole sana. "Na wapiga ngoma waanze."

Nyati akapumua kwa pua, fuuu. Akatikisa kichwa. Akakohoa. Hakuna aliyemtaja.

"Ngoja," akasema. "Huyu mwongo. Siku hiyo alikuwa amelala kwake anakoroma. Tabibu ni mbwa wangu."

"Bwana," Mbwa akasema, "tafadhali."

"Nyamaza. Fungua kidonda, Pelele. Mbwa wangu hana chonge ya juu ya kushoto, aliivunja akitafuna mfupa. Mama Korongo, hesabu matundu."

Mama Korongo akainamisha shingo yake ndefu. Chini matundu mawili. Juu tundu moja, na pale pengine ngozi nzima. Akamtaka Fisi afungue kinywa: chonge zote nne zilikuwamo, zinang'aa. Fisi akarudi pembeni taratibu, kana kwamba hakuwahi kuinuka.

"Na mbwa wako?"

Mbwa akafumba mdomo, akaugeuza uso. Nyati akamfumbua mwenyewe kwa kwato. Pengo lile pale.

"Tena nilimwona kwa macho yangu," akasema Nyati, kifua mbele. "Nilikuwa nimesimama langoni. Shahidi ni mimi."

Mama Korongo akashusha mguu wake wa pili chini, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona barazani.

"Juzi alikuwa amefungwa kamba mpya," akasema. "Leo shahidi amepatikana. Kesi inaendelea, na imekwisha. Mzee Nyati, kalime."

"Lakini amemponya! Ule usaha?"

Mama Korongo akatazama tena. "Naona nyama nyekundu tu."

"Sikuwa na usaha, mama," akasema Bi Pelele. "Nilikuwa na shamba."

"Umenidanganya," Nyati akanguruma.

"Kuhusu usaha, ndiyo, Mzee, nimekudanganya. Habari za mbwa umezisema mwenyewe." Akamkabidhi Mbwa kibuyu cha asali, maana aliahidi.

Kulipokucha, Nyati alikuwa shambani kwa Bi Pelele na kijembe kidogo kama kijiko mkononi. Tu, tu, tu. Kila akimaliza mstari aliinua kichwa na kuutazama ule mguu kwa jicho la shaka.

"Kidonda hakijafunga bado?"

"Bado, Mzee. Na mstari ule wa kule nao bado."

Mvua ya kwanza ilipoanguka, mbegu zote zilikuwa ardhini.

Basi, watoto, mkikosa kirini mapema, maana aliyekimbia lawama akakimbilia sifa alijikuta amerudi palepale.