Meno ya Kuazima

Sogeeni, mnaotafuna muwa. Mwaujua uchungu wa kuutazama tu?

Bi Mwanasha aling'oka meno yote. Harusini nyama ikampita, akanywa mchuzi. Akisema neno, watu humuuliza, "Ati?" Kicheko kikimjia, huivuta ncha ya kanga akaziba mdomo. Hakutulia: akikaa, huinuka, akiinuka, hajui aende wapi.

Akaliendea zimwi la mtoni.

"Niazime meno."

"Chukua. Lakini hayo yamezoea chakula changu."

Siku ya kwanza akatafuna mahindi ya kuchoma. Siku ya pili akasaga mifupa bila yeye kutaka. Siku ya tatu akampakata mjukuu wake mchanga na, kama bibi yeyote, akakitia kidole cha mtoto mdomoni aking'ate kwa mapenzi. Meno yakaanza kubana yenyewe.

"Mama, unamuumiza!" binti yake akapiga ukelele.

Bibi akajipanua taya, akakinasua kidole, akayang'oa meno na kuyavurumisha nje. Yakakimbilia mtoni.

Mtoto akanyamaza, akamtazama, akacheka ufizi mtupu. Bibi naye akacheka. Kanga ilikuwa begani, mkono haukuitafuta.

Hadithi imekwisha utamu, temeni makapi.