Hodi ya Sange Katika Mji wa Shahamu

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na milango na desturi ya kubisha hodi, palikuwa na mji uitwao Shahamu. Kila nyumba ilikuwa na ghala la asali. Asali ilishuka kila asubuhi pamoja na maji katika mfereji mmoja, na mbisha hodi wa mji alikuwa Sange. Sange si panya, watoto, ingawa wengi humwita hivyo. Ana pua ndefu ichezayo kama mkonga, na mbio zake hazishikiki.

"Hodi! Asali imefika!"

"Karibu!"

Kwaa! Milango ilifunguka, kila mmoja akachota asali yake, na maji yakabaki safi ya kunywa.

Sasa, Mzee Kiboko na Mzee Kifaru walikuwa wamezeeka. Hawakuweza tena kuinua mtungi, lakini hawakutaka kuwapisha wajukuu zao. Walikaa vizingitini kutwa wakinung'unika.

"Ngrrr! Vijana wa siku hizi! Ngrrr! Jua gani hili!"

Kwa manung'uniko hayo, jirani yao Nyati hakuisikia hodi. Baadaye Nyati naye akaanza: "Ngrrr!" Ngiri, jirani wa Nyati, akadakia.

Milango ikabaki imefungwa, mfereji ukajaa asali, maji yakawa mazito, nzi wakafanya makao. Mama yake Sange aliyanywa kama wengine wote. Miguu yake ikaanza kufa ganzi. Siku moja akauliza, "Mwanangu, mbona hujawasha taa?"

Sange akatazama juu. Jua lilikuwa utosini.

Akawaita ndugu zake saba, wakabisha kwa pamoja: "Hodi! Hodi! Hodi!" Ikawa kelele juu ya kelele. Nyati akaziba masikio kwa pamba. Ngiri akaongeza komeo la pili.

Basi Sange akaenda kwa Kiboko.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba."

"Babu, kama umechoka, si umpishe mjukuu wako?"

"Nani kachoka? Mimi? Toka hapa, kipua wee! Kila siku nainua mitungi kumi!"

"Mimi kumi na miwili!" Kifaru akadakia kutoka kwake.

Sange akarudi nyumbani akiwaza. Wazee wale walikuwa na kiburi, kweli. Lakini uvivu wao ulikishinda kiburi chao.

Kesho yake akatoka na ngoma. Ti! ti! ti!

"Sikieni! Leo ni msaragambo, kazi ya mji mzima! Wenye nguvu za kuinua mitungi watachimba mfereji mpya kutoka mlimani, jembe kwa jembe, mpaka masika. Waliokwisha kuchoka wataenda Bonde la Mianzi, wakalale matopeni na kula majani mabichi!"

Puu! Kiboko alijibwaga chini.

"Jamani, mgongo wangu! Mtungi wa mwisho niliinua mwaka wa nzige!"

"Mwaka wa nzige?" Kifaru akafoka. "Wewe bado kijana! Mimi niliacha kabla ya nzige! Hata kifuniko sikiwezi!"

"Na ile mitungi kumi na miwili?" akauliza Sange.

"Uongo mtupu! Waulize watu wote!"

"Sina haja ya kuwauliza, Babu. Wamesikia wenyewe."

Mji mzima ukaangua kicheko. Wajukuu wakaingia ghalani, na wazee wakajikokota kwenda bondeni upesi, bila kuuliza majembe yako wapi. Hayakuwapo. Matope na majani yalikuwapo, tena tele.

Nyati akazibua masikio. "Kumbe mji wetu una utulivu hivi?"

"Hodi!" akaita Sange, mara moja tu. Kwaa! kwaa! kwaa! Asali ikaingia ghalani, na baada ya siku kadhaa maji ya mfereji yakawa maji.

Mama yake Sange hakurudishiwa macho yote. Lakini asubuhi moja alimkazia mwanawe macho.

"Mbona umekonda hivyo?"

"Ni mbio tu, Mama," akasema Sange, akamtilia maji katika kata.

Hata katika shahamu, yaani mafuta ya miili yetu, watoto, zimo chembe hai zilizozeeka, zisizofanya kazi wala kuondoka. Manung'uniko yao huziambukiza chembe jirani, insulini, mbisha hodi wa sukari mwilini, hubisha isisikike, na sukari hubaki katika damu.

Aliyemaliza kazi yake na ampishe mwingine mlangoni.