Vibendera Tisa vya Mwalimu Siwatu

Hii nimeletewa asubuhi ya leo na mtu aliyeletewa na mwingine, nami nimeona si vyema nikae nayo peke yangu. Isome taratibu, na chai ikipoa usijali.

Palikuwa na mji mmoja wa maghorofa kando ya ziwa, na katika mji huo shule moja ya msingi ilijengewa jengo jipya. Ajabu ya jengo hilo ilikuwa madirisha. Si yale ya nondo na wavu tuliyoyazoea sisi. Haya yalikuwa vioo vitupu, vikubwa kama milango, vikitazama upande linakochomoza jua. Asubuhi mawingu yalipita juu ya ziwa, yakapita tena ndani ya vioo, polepole, hata mtoto akisinzia kidogo tu hakujua tena lipi ni wingu la kweli na lipi la kwenye dirisha.

Darasa la Nne lilikuwa la Mwalimu Siwatu. Mama wa watu, mwembamba, khanga yake hainuki ila sabuni, na nadhani hata vumbi lilimwogopa. Kila muhula shule ilifanya ukaguzi wa usafi, na darasa lililoshinda lilipewa kibendera cha manjano kiwe chake moja kwa moja. Mwalimu Siwatu alikuwa navyo tisa. Tisa, si mchezo! Alivikunja akavifungia kabatini, kama mtu anavyotunza nguo za sikukuu.

Sasa, palikuwa na ahadi. Mwalimu atakayefikisha vibendera kumi, jengo lingeitwa kwa jina lake, na jina hilo lingeandikwa juu ya mlango mkubwa. Mwalimu Siwatu alikuwa anastaafu mwisho wa muhula, na hakujaliwa mtoto. Usidhani alikuwa mtu wa makuu, la. Alitaka tu jina lake libaki mahali, watoto walisome wakiingia. Alilitaka mno. Hata usingizini aliliona, herufi za buluu kwenye ukuta mweupe.

Kwa hiyo kila asubuhi watoto waliloweka magazeti ya zamani kwenye maji ya siki, wakasugua vioo mpaka vikalia. Yeye alisimama nyuma yao na swali lake lile lile.

"Kioo kizuri ni kipi?"

"Ni kile usichokiona, mwalimu!"

"Haya, sugueni. Mimi bado nakiona."

Ikaja mvua ya kwanza ya vuli, na pamoja nayo wakaja mbayuwayu. Waliingia mjini asubuhi, wengi, wengi, wakipinda na kuteleza hewani juu ya mapaa. Watoto waliacha vitabu. Mwalimu Siwatu naye akaacha chaki, akawaeleza kwamba ndege wale wametoka nchi za baridi, wamevuka bahari na jangwa, wiki nyingi safarini, na kila mmoja uzito wake haupiti kalamu tatu au nne. Kila mtoto alijiona yuko juu huko, anaelea.

Mara, pu!

Kitu kiligonga kioo. Wakatoka mbio. Chini ya dirisha alilala mbayuwayu, koo lake jekundu, tumbo jeupe juu, amekufa. Siku ya pili wakawakuta wawili. Siku ya tatu akaanguka mwingine, lakini huyu alikuwa bado anahema. Binti mmoja aitwaye Nyamizi, mpole, asiyependa kusema mbele za watu, alimwokota kwa leso akamlaza ndani ya boksi la viatu lenye matundu. Akalifunika, akaliweka pembeni palipo kimya. Baada ya saa nzima akalifungua uwanjani. Ndege alikaa, akatazama huku na huku, halafu huyoo, akaenda zake. Watoto wakapiga vigelegele.

"Maskini," alisema Mwalimu Siwatu, "wamechoka na safari. Hata mtu akichoka hujikwaa."

Nyamizi akanyoosha mkono.

"Samahani, mwalimu. Si uchovu. Umetufundisha kioo kizuri ni kile usichokiona. Na ndege naye hakukiona."

Mwalimu Siwatu aligeuka akalitazama dirisha lake. Ndani yake palikuwa na mbingu nzima, na ziwa, na wingu moja jeupe likienda taratibu. Akajaribu kulitazama kama anavyolitazama aliyetoka mbali na mabawa yake yamechoka, akaona njia iko wazi kabisa. Jamani, aliona aibu. Nusura alie mbele ya watoto.

Zilibaki siku nne ukaguzi ufike.

Kwanza akajaribu kuvipata vyote viwili, kibendera na uhai wa ndege, kama ambavyo mimi na wewe tungefanya. Alibandika picha moja ya mwewe ya kuwatisha, kwa ndani, rahisi kubandua siku ya ukaguzi. Asubuhi mbayuwayu akampita yule mwewe pembeni, akajigonga. Wakaongeza karatasi kumi, tena kwa ndani. Mwingine akajigonga. Hapo Nyamizi akatoka nje, akasimama pale ndege wanapotokea, akatikisa kichwa.

"Huku hazionekani, mwalimu. Huku ni mawingu matupu. Tuweke kwa nje, tena nyingi. Wakiona nafasi ya kupita, watapita." Akaweka mkono wake juu ya kioo. "Nafasi isizidi kiganja changu."

"Karatasi zitalowa na mvua."

"Basi vitambaa."

Vitambaa vya madirisha yote yale vitoke wapi? Siku ile nzima, Mwalimu Siwatu akisomesha, macho yako kabatini. Akisahihisha daftari, macho yako kabatini.

Siku moja kabla ya ukaguzi alilifungua. Akavitoa vile vibendera tisa, akavilaza juu ya meza kimoja kimoja, akavinyoosha mikunjo kwa kiganja.

"Nani ana mkasi?"

Nyamizi akasema kwa sauti ndogo, "Lakini mwalimu, ukaguzi ni kesho. Na jina lako?"

"Jina langu ninalo, mwanangu, hakuna aliyeninyang'anya. Shika upande huo, tukate."

Wakakata vipande vyembamba kama kidole, wakaviunga, wakavifunga kwenye kamba, wakavitundika nje ya vioo kutoka juu mpaka chini, wakipima nafasi kwa viganja. Madirisha yote ya darasa lao yakapata isipokuwa moja la mwisho. Mwalimu Siwatu akaivua khanga yake ya mabegani, akaichana nayo.

Asubuhi vitambaa vilikuwa vikicheza na upepo, na mwanga ulioingia darasani ulikuwa wa manjano, ukitembea juu ya madaftari na juu ya nyuso za watoto. Mkaguzi aliingia na fomu yake, akasimama katikati ya mwanga ule, akaduwaa.

"Mwalimu Siwatu! Haya ni madirisha au duka la vitenge?"

Watoto wakaziba midomo wasicheke. Nyamizi, yule asiyependa kusema mbele za watu, akasimama akamweleza yote, toka ndege wa kwanza mpaka khanga. Mkaguzi alimsikiliza hadi mwisho.

"Nimekuelewa, binti yangu, na umenigusa. Ila fomu yangu inauliza kama kioo kinang'aa na hakina kitu. Ndege hawamo."

Akaandika. Kibendera kikaenda Darasa la Tano, jirani zao, ambao vioo vyao siku hiyo havikuwa na hata alama ya kidole. Mwalimu Siwatu alipiga makofi pamoja na wengine. Kisha akarudi darasani kwake, akakaa kuelekea madirishani, na machozi yakamtoka. Hakuyaficha. Ndoto ya miaka mingi imekwenda, ayafiche ya nini?

Akiwa amekaa hivyo, kundi likatokea ziwani. Lilikuja moja kwa moja, chini chini, kasi. Watoto wakashika madawati. Likafika kwenye vitambaa, likainuka, likapinda juu ya paa, ndege mmoja baada ya mwingine, mpaka wa mwisho. Hakuna aliyegonga. Darasa zima lilishusha pumzi kwa pamoja.

Ndipo wakasikia, "Hodi!"

Darasa la Tano lote lilikuwa mlangoni. Mbele alisimama kiranja wao, msichana mrefu, kibendera kipya mkono mmoja na mkasi mkono wa pili. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Kuna nini?"

"Dirisha letu limeua ndege sasa hivi. Tumekuja kuuliza, hivi vipande mnavikata vyembamba kiasi gani?"

Mwalimu Siwatu alistaafu muhula huo, na juu ya mlango wa jengo lile hapana jina mpaka leo. Lakini mvua ya kwanza ya vuli ikinyesha, watoto ambao hawakuwahi kumwona hutoka nje na vitambaa vya manjano bila kusubiri kuambiwa. Hupima nafasi kwa viganja, na mmoja wao huuliza kwa sauti, "Kioo kizuri ni kipi?"

Na wengine hujibu, "Ni kile ndege anachokiona!"

Funzo: Kabla ya kujisifu kwa kazi inayong'aa, nenda upande wa pili ukaone inamfanya nini anayepita, na mtoto akikusahihisha kwa somo ulilompa mwenyewe, shukuru, maana huyo ndiye atakayekubakiza duniani hata kama jina lako halimo ukutani.