Kupe wa Antena

Si kila kupe hunyonya. Vijana waliokuwa wakisubiri maziwa yao yapimwe waliisikia kauli hiyo kwa mpimaji, pale mmoja wao alipomcheka mzee anayeshinda ameketi langoni mwa kituo bila kazi. Wakacheka zaidi. Kupe asiyenyonya anaishi kwa kula nini? Ndipo Bibi Tusajigwe, aliyekuwa nao kwenye foleni, alipotua ndoo yake.

"Mnacheka msichokijua," akasema. "Methali hii ilianza hapa hapa Ilundo, na haikuanza kwa kicheko. Ilianza hivi."

Mwaka ule masika yaligoma kuondoka. Mlima ulimomonyoka, udongo ukafukia sehemu za barabara, na mnara wa simu ukazimika. Katika siku hizo Tumwitike, mke wa Lugano, akashikwa na uchungu. Asubuhi ikapita, adhuhuri ikapita, mtoto haji. Kisha damu ikaanza kutoka. Mkunga wa zahanati alitoka nje akijifuta mikono, akasema kwa sauti ya chini, "Huyu ni wa kupasuliwa. Asipofika hospitali leo, tutawazika wawili."

Wanaume wakaleta machela. Lakini waende wapi? Ilundo ina njia mbili: ya kushuka darajani na ya kupanda kwenye mashamba ya chai. Gari la hospitali lingepitia mojawapo tu, na mgonjwa anayevuja damu habebwi kwa kubahatisha.

Tumaini likabaki kwa Atuganile, mdogo wake Tumwitike. Alikuwa amesoma ufundi chuoni, akarudi na redio ya kuzungumza na watu wa mbali. Yeye na wenzake wachache walikuwa na klabu yao. Walizungumza kwa kupenda tu, kama wengine wapendavyo bao. Mbele za watu sauti yake ilijikunja kama konokono aliyeguswa. Mbele ya kipaza sauti ilitoka.

Antena yake ilikaa juu ya mti nyuma ya nyumba: bomba lililolazwa, na juu yake fito za alumini zimepangwa kama mifupa ya samaki. Ufito mmoja tu ulikuwa na waya wa kutoka redioni. Nyingine hazikuunganishwa na kitu. Vitabu vya chuoni viliziita vimelea. Klabu, kwa utani wa watu wa ng'ombe, wakaziita kupe, na jina likaganda.

Alasiri hiyo Atuganile aliita hadi koo likakauka. Mwishowe Ambakisye, mwanaklabu mwenzake aliyekuwa karani hospitalini, akaitika, akaelezwa yote.

"Nakusikia kwa mbali, dada, lakini nakusikia. Usiondoke hapo. Namfuata dereva nijue njia ipi inapitika. Ova."

Atuganile akaangalia betri. Taa yake ilikuwa imegeuka nyekundu. Paneli ya sola ilikuwa haijaona jua siku nyingi. "Betri inakufa," akanong'ona.

Lugano alikuwa amesimama mlangoni, maji yakimchuruzika. Yeye ndiye aliyesimamia josho la kijiji. Maisha yake yote yalikuwa vita na kupe. "Kitu gani kinaimaliza, shemeji?" akauliza. Atuganile, visikizio masikioni, hakumsikia. Alipogeuka, mlango ulikuwa mtupu.

Akasubiri. Mvua ikapiga bati. Kisha mvumo wa redio ukabadilika, ukawa kama mchele unaomwagwa kwenye ungo, usiokwisha.

"Ambakisye? Ilundo hapa. Njia ipi? Ova."

Mchele tu.

Kutoka zahanati mtu alipiga kelele, "Tunaanza kushuka darajani! Tukingoja tunamuua!"

Atuganile akainamia vyombo vyake. Betri? Hapana, taa ilikuwa bado inawaka. Hapo Lugano akaingia, matope hadi magotini, kwapani amebeba fito za alumini kama mtu aliyetoka kuchanja kuni. Uso wake ulikuwa na nuru ya kwanza tangu asubuhi.

"Nimekutolea kupe wote," akasema. "Nimemwacha yule mwenye waya peke yake. Sasa moto wote ni wake. Ita!"

Atuganile alimtazama. Moyoni aliona huruma na hasira vikigongana, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akampigia kelele mtu mzima.

"Shemeji, umeikata redio ulimi! Zirudishe!"

"Si ni kupe? Si wewe mwenyewe unawaita kupe?"

"Ni jina tu! Ni utani! Hawanyonyi betri!" Akavuta pumzi, akatafuta maneno ambayo mtu wa josho angeyashika upesi. "Wimbo wa kulima, shemeji. Mwimbishaji ni mmoja, sivyo? Wengine hawaanzishi neno. Lakini wasipoitikia, wimbo unafika ng'ambo?"

"Haufiki."

"Mwenye waya ndiye mwimbishaji. Peke yake sauti inamwagika huku na huku. Hawa wanaipokea sauti yake na kuitikia, wote kuelekea upande mmoja. Mrefu huyu akae nyuma yake, airudishe sauti mbele. Wafupi wakae mbele, waivute kwenda hospitali na kutuletea ya huko. Ukiwachanganya, nyimbo zinagongana."

Lugano akamtupia fito mikononi. Aligeuka, akakimbia nje, na Atuganile akamfuata. Lugano akapanda mti wa antena. Atuganile akampa fito moja moja, akitaja nafasi ya kila moja. Kishikizo cha ule mrefu kilikuwa kimevunjika alipoung'oa. Lugano akavua kamba ya katani kiunoni, ileile ya kufungia ndama, akaufunga kwa meno na vidole. Chini, machela ilikuwa imeshafika kwenye kona ya kanisa, ikielekea bondeni.

Atuganile akarudi mbio, akavaa visikizio. Taa nyekundu ilikuwa inapepesa.

"…undo, Ilundo, mnanisikia? Narudia. Daraja limekwenda na maji. Msishuke! Pandeni kwenye chai. Gari linapanda huko. Ova."

Taa ikazimika.

Atuganile akatoka mvuani bila hata kuvua visikizio, waya ukiburuta nyuma yake. "Juu!" alipiga kelele, sauti ikafika kona ya kanisa na kuipita. "Daraja limekwenda! Mpelekeni juu!"

Machela ikageuka.

Tumwitike alipasuliwa kabla ya jua kuzama, akajifungua mtoto wa kike aliyelia kwa nguvu. Wote wawili walirudi Ilundo wakati wa kiangazi.

Siku moja, ng'ombe wakiwa foleni joshoni, kijana mmoja alianza kumsema bibi yake kizee. Halimi, hachoti maji, anakaa tu jikoni na kuitika "eeh" wenzake wanapozungumza. "Kupe yule," akasema. "Anatunyonya."

Lugano alikuwa ameshika ndoo ya dawa. Akaitua chini. Akatazama juu ya mapaa, mahali ambapo ufito mrefu ulikuwa bado umefungwa kwa kamba ya ndama.

"Mwanangu," akasema, "mimi nimeua kupe kuliko mtu yeyote wa mlima huu. Nisikilize mimi. Si kila kupe hunyonya."